Kurahisisha mitajo yenye vipeo: maswali mawili kabla ya kanuni

Wanafunzi wa kidato cha pili wanaokuja tuisheni hapa Moshi huwa tayari wana ukurasa mzima wa kanuni walizonakili ubaoni: kuzidisha, kugawanya, kipeo juu ya kipeo, kipeo sifuri, kipeo hasi, kipeo cha sehemu. Waulize kanuni ya tatu, wanaitaja bila kukwama. Wape 3x² × 4x⁵ warahisishe, huyu anaandika 7x⁷, yule 12x¹⁰.

Kanuni walizonakili ni sahihi. Walichokosa ni maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kuchagua kanuni: kipeo hiki kimeshika nini? Na misingi inafanana? Mwongozo huu wote unazunguka hapo. Hata mzazi au kaka aliyeishia darasa la saba anaweza kumsimamia mtoto kwa maswali hayo, maana kipeo cha pili alikisoma shule ya msingi na mengine yote yamechipuka humo.

Majina kwanza

Katika 5x³, ile 3 ndogo iliyopanda juu ni kipeo. Herufi x iliyo chini yake ni msingi. Namba 5 iliyotangulia ni kizigeu. Kipande kizima, kiwe kifupi au kirefu, ni mtajo. Kipeo kinakuambia msingi umezidishwa wenyewe kwa wenyewe mara ngapi, hivyo x³ ni x × x × x. Herufi iliyo peke yake ina kipeo 1 hata kama hakikuandikwa, na wengi hukisahau hicho katikati ya swali refu.

Mtindo wa kuandika kipeo kama tarakimu ndogo juu ya herufi ulienea baada ya René Descartes kuutumia katika kazi yake ya jiometria ya mwaka 1637. Unapoandika kwa simu na tarakimu ndogo haipatikani, tumia alama ya ^, kwa mfano 8^(2/3), na mwenzako ataelewa kwamba kinachofuata baada ya alama ni kipeo.

Swali la kwanza: kipeo kimeshika nini?

Kipeo hushika kile kilichokigusa tu. Kikigusa herufi, kimeshika herufi hiyo. Kikigusa mabano, kimeshika vyote vilivyomo ndani.

5x³ ni 5 × x × x × x. Hiyo 5 haikuguswa, imebaki moja.
(5x)³ ni 5x × 5x × 5x, yaani 125x³.

Tofauti kati ya mistari hiyo miwili ni mabano tu, na kizigeu kimeruka kutoka 5 hadi 125. Alama ya hasi nayo iko hivyo hivyo. (−3)² ni (−3) × (−3) = 9, lakini −3² ni hasi ya 3², yaani −9, kwa sababu kipeo kimegusa 3 na hakikuifikia alama. Ukitaka kuweka x = −3 ndani ya x², andika mabano kabla hujaandika namba. Ifanye iwe tabia ya mkono.

Hapa lazima nizungumzie MAGAZIJUTO. Sote tulikulia humo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Limewavusha watoto wengi, lakini ndani yake hamna nafasi ya kipeo. Anayelifuata kama lilivyo akikutana na 2 × 3² atazidisha kwanza, apate 6² na kuandika 36. Jibu ni 2 × 9 = 18. Mahali pa kipeo ni mara tu baada ya mabano, kabla hujagawanya wala kuzidisha.

Swali la pili: misingi inafanana?

Andika 2³ × 2⁴ kwa urefu wake:

(2 × 2 × 2) × (2 × 2 × 2 × 2)

Hesabu hizo 2 ziko ngapi. Ziko saba, kwa hiyo jibu ni 2⁷, yaani 128. Hiyo ndiyo kanuni ya kuzidisha: msingi unabaki ulivyo, vipeo vinajumlishwa. Anayeandika 4⁷ amezidisha na misingi pia, na 4⁷ ni 16,384, mbali kabisa na 8 × 16. Siku kanuni ikikutoka kichwani ndani ya chumba cha mtihani, andika kwa urefu uhesabu. Inachukua sekunde chache.

Sasa rudi kwenye 3x² × 4x⁵. Vizigeu ni namba za kawaida, vinazidishwa kawaida: 3 × 4 = 12. Herufi inafanana, vipeo vinajumlishwa: 2 + 5 = 7. Jibu ni 12x⁷. Zikiwa herufi mbili, kila moja inahesabiwa na wenzake: 2a³b × 5ab⁴ = 10a⁴b⁵. Hapo a ya pili na b ya kwanza zilikuwa na ile 1 isiyoandikwa.

Misingi isipofanana, usikimbilie kusema haiwezekani. Huenda ni ndugu. Katika 4³ × 8², 4 ni 2² na 8 ni 2³. Geuza: (2²)³ × (2³)² = 2⁶ × 2⁶ = 2¹². Watunga mitihani wanaupenda mtego huu, kwa hiyo ni vizuri kuwa na vipeo vya 2 kichwani mpaka 2¹⁰ = 1,024, vya 3 mpaka 3⁵ = 243, na vya 5 mpaka 5⁴ = 625. Vya 2 umeshaviona mara nyingi bila kuvitambua. Pita maduka ya simu ya Arusha usome maboksi: 32, 64, 128, 256. Hizo ni 2⁵, 2⁶, 2⁷ na 2⁸.

Iko hali nyingine, misingi tofauti lakini kipeo kimoja. 2³ × 5³ ni (2 × 5)³ = 10³ = 1,000. Panga 2 na 5 wawili wawili utaona kwa nini.

Kujumlisha ni habari nyingine kabisa

Kanuni za vipeo ni za kuzidisha na kugawanya. Ukiona alama ya kujumlisha au kutoa kati ya mitajo, zima kanuni zote kwanza. x³ + x⁴ haiwi x⁷. Haiwi chochote, inabaki hivyo. Pale soko la Mbuyuni, madebe mawili ya mahindi na sado tatu hayawi matano ya kitu chochote, utasema madebe mawili na sado tatu. Mitajo hujumlishwa ikiwa herufi na kipeo vyote viwili vinafanana, na hapo kinachobadilika ni kizigeu: 2x³ + 5x³ = 7x³.

Namba zinaweza kukuzungusha kidogo. 3⁴ + 3⁴ + 3⁴ ni kitu gani? Ni 3⁴ mara tatu, yaani 3 × 3⁴, na 3 ya mbele ina kipeo 1. Jibu ni 3⁵. Jaribu: 81 × 3 = 243. Anayeandika 3¹² amejumlisha vipeo mahali pasipo na kuzidisha.

Na hii tafadhali iandike kwa kalamu nyekundu: (a + b)² si a² + b². Weka 3 na 4. (3 + 4)² ni 49, wakati 9 + 16 ni 25. Kipeo kimeshika mabano yote, kwa hiyo ni mabano mara mabano: a² + 2ab + b². Kwa (ab)² hakuna ubaya, ni a²b², kwa kuwa ndani kuna kuzidisha. Kosa hili limewafuata watu mpaka kidato cha sita.

Kugawanya, na kushuka chini ya sifuri

x⁵ ÷ x² ni x tano juu, x mbili chini. Mbili zinakatana na mbili, zinabaki tatu: x³. Vipeo vinatolewa, cha juu toa cha chini, na msingi usiwe sifuri, maana kwa sifuri hatugawanyi. Vizigeu vinagawanywa kama namba nyingine yoyote: 18x⁶ ÷ 6x² = 3x⁴. Hapa wapo wanaogawanya na vipeo, wakapata 3x³. Andika kwa urefu uhakikishe.

Vipeo vikilingana, x³ ÷ x³, utoaji unakupa x⁰. Lakini kitu ukikigawanya kwa chenyewe unapata 1. Basi x⁰ = 1, iwe x ni 7 au milioni, mradi si sifuri. Na cha chini kikiwa kikubwa, x² ÷ x⁵, utoaji unakupa x⁻³, na ukikata kwa urefu unabaki na 1 juu na x tatu chini. Kwa hiyo x⁻³ = 1/x³.

Hapa ndipo ninapoulizwa, «Mwalimu, namba itazidishwaje mara hasi tatu?» Huwa nawatuma steshenari wakanunue karatasi ya A4. Ile 4 si ya kupamba. Karatasi ya A0 imepangwa iwe na eneo la mita moja ya mraba. Ikate katikati, unapata A1. Kata tena, A2, kisha A3, kisha A4. Kila kukata ni kugawanya kwa 2. Kwa mita za mraba, A0 ni 2⁰ = 1, A1 ni 2⁻¹ = ½, na A4 ni 2⁻⁴ = 1/16. Chukua rula upime: sentimita 21 kwa 29.7, yaani sentimita za mraba 623.7. Sehemu ya kumi na sita ya 10,000 ni 625. Tofauti hiyo ndogo inatokana na kuzifanya pande ziwe milimita kamili.

Kwenye pakiti ya rimu pameandikwa gramu 80 kwa mita ya mraba. Zidisha: 80 × 2⁻⁴ = 5. Karatasi moja ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 inakaribia kilo mbili na nusu. Ipeleke kwenye mizani ya dukani uone.

Kwa hiyo kipeo hasi hakifanyi namba iwe hasi. 2⁻³ ni 1/8, si −8, wala si −6. Kinahesabu kugawanya badala ya kuzidisha. Jambo hili ni la kale: katika karne ya 12 al-Samaw'al, mwanahisabati aliyezaliwa Baghdad, alishapanga vipeo kwenye jedwali lenye pande mbili, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka kwenye sehemu, akitembea humo kwa kuhesabu hatua.

Swali la kwanza linarudi hapa kwa nguvu. 3x⁻² ni 3/x², kwa kuwa kipeo kimegusa x peke yake. (3x)⁻² ni 1/(9x²), kimeshika yote. Sehemu iliyo ndani ya mabano hupinduka, kiasi kinashuka na asili inapanda: (2/3)⁻² = (3/2)² = 9/4.

Kipeo juu ya kipeo

(x³)² ni x³ × x³, kwa hiyo x⁶. Vipeo vinazidishwa. Kikiwa na wenzake ndani ya mabano, kila mmoja anapata kipeo cha nje, na kizigeu hakiachwi: (2x³y)⁴ = 2⁴ × x¹² × y⁴ = 16x¹²y⁴. Makosa ya hapa ni mawili tu, kuacha 2 ilivyo au kuifanya 8. Ya pili inatokana na kuzidisha 2 kwa 4, yaani kumfanyia kizigeu kile kinachofanyiwa vipeo.

Vipeo vya sehemu nitavipitia haraka, maana havina kanuni mpya. 9^(1/2) × 9^(1/2) = 9¹ = 9, kwa kujumlisha vipeo. Namba gani chanya ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 9? Ni 3. Basi 9^(1/2) ni kipeuo cha pili cha 9. Asili ya sehemu inataja kipeuo, kiasi kinabaki kipeo cha kawaida. 8^(2/3): tafuta kipeuo cha tatu cha 8, ambacho ni 2, kisha kipeo cha pili, upate 4. Anza na kipeuo, namba zinakuwa ndogo.

Mtajo mrefu

Tuchukue huu, unaotisha kwa macho:

(2a³b⁻²)³ × (3a⁻¹b⁴)² ÷ (12a²b⁻³)

Fungua mabano kwanza, kila kipeo cha nje kikigawiwa wote waliomo. Ya kwanza inakuwa 8a⁹b⁻⁶. Ya pili inakuwa 9a⁻²b⁸. Ya tatu haina kipeo cha nje.

Kisha namba peke yake: 8 × 9 ÷ 12 = 6.

Kisha a peke yake: 9 + (−2) − 2 = 5.

Kisha b peke yake: −6 + 8 − (−3) = 5. Hapa ndipo alama hupotea. Kutoa hasi tatu ni kuongeza tatu, kwa hiyo 2 + 3.

Jibu ni 6a⁵b⁵. Kama kipeo hasi kingebaki, ungekihamishia chini ya mstari wa sehemu mwishoni kabisa. Ukikihamisha mapema unajiongezea kazi ya kuandika sehemu ndani ya sehemu. Vitabu vingine vinakufundisha kuanza na hasi. Mimi naona ni kujitesa.

Jibu likaguliwe kwa namba. Weka a = 2 na b = 1 kwenye mtajo wa mwanzo: 16³ ni 4,096, mara 9/4 ni 9,216, gawanya kwa 48, unapata 192. Kwenye jibu: 6 × 32 = 192. Hiyo imekagua a. Geuza, a = 1 na b = 2, ukague b. Usiweke 1 kwa zote mbili, maana 1 kwa kipeo chochote ni 1 na makosa yote ya vipeo yatajificha.

Vipeo vya kumi

Kazi ambayo vipeo hufanya kila siku kwenye fizikia ni kuandika namba kubwa na ndogo kwa ufupi: namba moja kati ya 1 na 10, mara kumi kwa kipeo fulani. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895, yaani 5.895 × 10³. Jua liko mbali nasi kwa takriban mita 1.5 × 10¹¹, na mwanga husafiri takriban mita 3 × 10⁸ kwa sekunde. Mwanga wa jua unachukua muda gani kutufikia? Namba kwa namba: 1.5 ÷ 3 = 0.5. Vipeo: 11 − 8 = 3. Tuna 0.5 × 10³, ambayo ni sekunde 500, dakika nane na sekunde ishirini. Kwa kuwa 0.5 ni ndogo kuliko 1, andika rasmi 5 × 10².

Kutoka Arusha hadi Moshi kwa barabara ni kama kilomita 80, yaani mita 8 × 10⁴. Coaster huchukua zaidi ya saa moja, na zaidi kukiwa na foleni. Mwanga: 8 ÷ 3 ni karibu 2.67, na 4 − 8 = −4. Sekunde 2.67 × 10⁻⁴, kama sehemu moja ya 3,750 ya sekunde.

Mazoezi

Rahisisha, na majibu yawe na vipeo chanya:

1. 5x²y × 4x³y⁴
2. 25² × 5⁻³
3. (3m²n)³ ÷ (9m⁴n³)
4. 2⁵ + 2⁵ + 2⁵ + 2⁵
5. (x⁻²y³)⁻²
6. (6 × 10⁵) ÷ (1.5 × 10⁻²)
7. 27^(2/3) × 3⁻¹
8. 2³⁰ − 2²⁹

Majibu: ya kwanza 20x⁵y⁵, ya pili 5, ya tatu 3m², n zimekatana zote, ya nne 2⁷, ya tano x⁴/y⁶, ya sita 4 × 10⁷, ya saba 3. Ya nane huwatoa watu jasho kwa sababu kikokotoo kinaonyesha namba ndefu isiyosema kitu. Andika 2³⁰ kama 2 × 2²⁹, kisha toa 2²⁹ moja. Inabaki 2²⁹.